Mtihani wa Sebuleni

Kama ulisoma Biashara katika shule ya upili hapa Kenya, basi mchoro huu umeuchora. Mstari mmoja unashuka, mwingine unapanda, inakutana katikati na mwalimu anatia nukta: hapo ndipo bei inapotulia. Bei imesimama wima, kiasi cha bidhaa kimelala chini. Mwalimu wa hesabu angekuambia kwamba tumeupanga kinyume, maana kwa kawaida kile kinachosababisha ndicho hulala na kile kinachosababishwa ndicho husimama. Wachumi hawajali. Walizoea hivyo kutoka kwa Alfred Marshall, profesa wa Cambridge, ambaye kitabu chake cha 1890 kilifundisha vizazi vya wachumi wa Uingereza. Waingereza nao wakatuletea sisi, pamoja na reli na kodi ya nyumba.

Kitu ambacho mwalimu hakukwambia, na huenda naye hakuambiwa, ni kwamba kabla ya kitabu hicho kulikuwa na kingine. Hicho kilikuwa na majina mawili ya waandishi, la Marshall na la mkewe. Marshall alikiacha kikafa, makusudi.

Nilipokuwa chuoni, kabla karo haijanishinda na nikarudi nyumbani mwaka wa pili, wasichana wa darasa letu la uchumi walikuwa na chama chao. Hakikuwa na makuu: viti vya plastiki, chumba cha kuazima, Alhamisi jioni. Kila wiki wavulana walituuliza swali lilelile, wengine kwa utani, wengine kwa uchungu wa kweli. Mbona mnajitenga? Darasa ni moja, mhadhiri ni mmoja, mtihani ni mmoja. Nani amewafungia mlango?

Ni swali zuri, na nimelibeba kwa muda. Naona jibu lake liko kwenye historia ya watu ambao mlango hawakufungiwa kabisa. Walifunguliwa, lakini kwa hisani.

Historia hiyo inaanzia sebuleni kwa Millicent Garrett Fawcett. Alizaliwa 1847 na kuolewa akiwa hajafika miaka 20. Mumewe, Henry Fawcett, alikuwa profesa wa uchumi wa Cambridge, na alikuwa kipofu. Babake alimpiga risasi kwa bahati mbaya walipokuwa wakiwinda, macho yote mawili yakaenda kwa siku moja. Kwa hiyo Millicent ndiye aliyemsomea vitabu na kumwandikia barua. Fikiria mwanamke ambaye hangeweza kusajiliwa katika chuo hicho, kila siku anamsomea profesa wake wa uchumi mambo ya uchumi kwa sauti. Kufikia 1870 alikuwa ametoa kitabu chake mwenyewe cha uchumi kwa wanaoanza, chenye maswali mwishoni mwa kila sura, kama vile vitabu vyetu vya marudio. Kikatoka matoleo kumi.

Kwenye sebule yake ndipo walipokutana watu wachache, akiwemo mwanafalsafa Henry Sidgwick, kupanga mihadhara ya wanawake pale Cambridge. Haikuwa sehemu ya chuo. Ilikuwa mihadhara ya pembeni, kwa walimu waliokubali. Lakini wanawake walianza kuja kutoka mbali na hawakuwa na pa kulala, na binti wa mtu wa heshima hangepanga chumba peke yake mjini. Basi mwaka wa 1871 Sidgwick akakodisha nyumba nambari 74, Regent Street, na mwanamke mmoja mtu mzima, Anne Jemima Clough, akaja kuisimamia. Wanafunzi wakaingia watano. Nyumba hiyo ndiyo iliyokuja kuwa chuo cha Newnham.

Mmoja wa hao watano alikuwa Mary Paley, binti wa kasisi. Baba yake alikuwa mkali wa dini kiasi kwamba aliwachomea watoto wanasesere wao, akisema wameanza kuwaabudu. Huyo huyo baba ndiye aliyemruhusu bintiye kwenda kusoma, jambo lililowashangaza majirani kuliko moto wa wanasesere. Watu ni wengi ndani ya mtu mmoja.

Sasa hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye jibu. Mwanamke wa Cambridge wa miaka ile hakuwa na haki ya kuingia katika mhadhara wowote. Ilibidi kila profesa aombwe peke yake, kwa adabu, kama angekubali akina dada wakae kwenye ukumbi wake. Kufikia 1873, maprofesa 22 kati ya 34 walikuwa wamekubali. Ukiangalia haraka unasema, sawa, hiyo ni zaidi ya nusu. Lakini hebu panga masomo yako kwa mtindo huo. Profesa akifa, anayemrithi anaweza kukataa. Profesa akikasirika, anaweza kubadilisha nia kesho. Hakuna pa kukata rufaa kwa sababu hukunyimwa kilicho chako. Ulipewa zawadi, na mwenye zawadi ameichukua.

Mtihani ulikuwa vivyo hivyo. Mwaka wa 1874, Mary Paley na mwenzake Amy Bulley walitaka kufanya mtihani wa mwisho wa sayansi za maadili, ambamo uchumi ulikuwa mmoja wa masomo. Chuo hakikuwa na nafasi ya wanawake kwenye ukumbi, kwa hiyo watahini waliombwa kama wangekubali, kwa faragha, kuwasahihishia. Wakakubali. Wasichana hao wawili wakafanyia mtihani sebuleni kwa Dkt. Kennedy, profesa wa Kigiriki. Karatasi za maswali zilichukuliwa kwenye ukumbi wa chuo na watu waliotembea mbio mitaani hadi nyumbani kwa Kennedy. Mary aliwataja miaka mingi baadaye katika kumbukumbu zake: Sidgwick alikuwemo, Alfred Marshall alikuwemo, na John Venn alikuwemo. Ndiyo, Venn yule wa miduara inayopishana, uliyoichora ukiwa shule. Alikuwa mbeba karatasi. Kennedy mwenyewe alikuwa mzee wa hasira za haraka, lakini wakati mwingine alisinzia, na wasichana wakalazimika kumwamsha aongeze makaa motoni.

Inachekesha na inapendeza. Wanaume wa maana, wenye majina, wanakimbia na karatasi ili wanawake wawili wafanye mtihani. Matokeo yakaja: watahini wawili walimpa Mary daraja la kwanza, wawili wakampa la pili. Hakukuwa na kanuni ya kuamua sare, kwa sababu hakukuwa na kanuni yoyote. Kwa mwanamume lazima jibu lingepatikana, maana jina lake lilipaswa kubandikwa ukutani. Jina la Mary halikuwa la ukuta wowote. Akabaki hivyo, katikati ya daraja la kwanza na la pili, bila cheti.

Alirudi Newnham kufundisha uchumi, mwanamke wa kwanza kuufundisha Cambridge. Akamchumbia, au akachumbiwa na, mwalimu wake Marshall. Walipofunga ndoa 1877 waliondoa kwenye viapo neno la mke kumtii mume, na kwa miaka ile hilo lilikuwa jambo zito. Kanuni za chuo wakati huo zilimtaka mhadhiri wa cheo cha Marshall awe kapera, kwa hiyo kwa kuoa alipoteza kazi, na wakahamia Bristol, ambako yeye alikuwa mkuu wa chuo kipya. Mary alifundisha huko pia. Mshahara wake ulikatwa kutoka kwa mshahara wa mume. Soma tena sentensi hiyo. Chuo kilipata walimu wawili kwa bei ya mmoja, na mchumi mkubwa wa karne akiwa mmoja wao.

Kitabu chao kilitoka 1879. Mwanzoni ni Mary aliyeombwa kukiandika, kwa ajili ya watu waliosoma jioni nje ya chuo, na Alfred akaingia baadaye. Ni kitabu cha bei na mishahara na vyama vya wafanyakazi, kwa lugha ya watu. John Maynard Keynes, ambaye wote wawili walimfahamu tangu utotoni mwake, aliandika kwamba kilikuwa kitabu kizuri sana. Alfred hakukipenda. Alipopata jina aliona kwamba uchumi haufai kurahisishwa kiasi kile, na 1892 akakiondoa sokoni na kuweka kingine chenye kichwa kinachokaribiana nacho, lakini jina moja tu la mwandishi. Mary hakulalamika hadharani, wala katika kumbukumbu zake hajiweki kama mtu aliyeporwa. Mimi siwezi kuwa mtulivu hivyo kwa niaba yake.

Tatizo kubwa lilikuwa linakuja. Mwaka wa 1881 wanawake wa Cambridge walipata haki ya kufanya mitihani rasmi, na kupewa cheti cha kuonyesha walifaulu. Shahada, hapana. Sababu ni jambo ambalo kwetu halionekani wazi: shahada ya pale haikuwa karatasi ya kutundika ukutani tu. Iliweza kukufanya mwanachama wa chuo mwenye kura, ambaye angeshiriki kuamua kinavyoendeshwa. Kwa hiyo swali lilikuwa kama wanawake waingie mezani, na wala si kama wana akili. Akili walikuwa wameshaionyesha. Mwaka wa 1890 Philippa Fawcett, mtoto wa pekee wa Millicent na Henry, alipata maksi kumpita mwanamume wa kwanza katika mtihani wa hisabati. Hakupata shahada.

Mwaka wa 1896, suala lilipofufuliwa, Alfred Marshall alisambaza waraka wa kupinga. Huyu ndiye aliyekimbia na karatasi 1874. Huyu ndiye aliyeoa mwanafunzi wake, akaandika naye kitabu, na ambaye mkewe asubuhi hiyo hiyo alikuwa akifundisha uchumi Newnham. Miaka michache nyuma, 1889, alikuwa amemwambia Beatrice Potter, mtafiti kijana aliyetaka kuandika historia ya vyama vya ushirika, kwamba afadhali aandike kuhusu kazi za wanawake, na kwamba mwanamke akitaka kushindana na mwanamume, mwanamume hatakuwa na haja ya kumuoa. Beatrice aliyaandika kwenye shajara yake usiku. Kisha akaandika kitabu cha ushirika.

Sidhani Marshall alikuwa mnafiki. Hili ndilo linalonifanya nimrudie. Nadhani alikuwa mkarimu kwa dhati 1874, na 1896 alikuwa mkarimu kwa dhati vilevile. Alipenda kuwapa wanawake elimu. Kuwapa kura juu yake hakupenda. Mtu anayetoa kwa hisani anafurahia kutoa, na furaha hiyo huisha siku unaposema hiki ni changu.

Kura ilipigwa tarehe 21 Mei 1897. Wenye shahada waliokuwa wanaishi mbali walikuwa na haki ya kupiga kura, basi treni maalum zikawaleta kutoka London. Juu ya barabara, mbele ya ukumbi wa kupigia kura, wanafunzi wa kiume walitundika sanamu ya mwanamke aliyevaa kaptura juu ya baiskeli. Waliopinga walikuwa zaidi ya 1,700, waliounga mkono hawakufika 700. Wanafunzi wakashangilia, wakairarua sanamu ile, wakaandamana hadi lango la Newnham. Walimu wa kike na wanafunzi wao walisimama ndani ya lango wakiwaangalia.

Ushindi huo ulikaa. Kuna kipindi kimoja kidogo ambacho kinanifurahisha hata hivyo. Chuo cha Trinity cha Dublin, Ireland, kilikuwa na desturi ya kutambuana na Cambridge na Oxford: ukiwa umefuzu huku unaweza kupewa shahada kule. Kilipoanza kupokea wanawake mwaka wa 1904, mtu akagundua kwamba desturi hiyo haikusema mwanamume. Kati ya 1904 na 1907, wanawake zaidi ya 700 wa Cambridge na Oxford walipanda meli kuvuka bahari, wakalipa ada, wakavaa joho, wakapokea shahada ya chuo ambacho hawakuwahi kusoma, wakarudi. Hiyo ni hesabu ya kiuchumi kabisa: nauli na ada kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili mshahara wa mwalimu mwenye shahada dhidi ya yule mwenye cheti cha pembeni. Walipiga hesabu, wakaona inalipa. Mimi karatasi hiyo sina, na ninajua kazi ambazo tangazo lake huishia kwangu kwenye mstari wa kwanza. Ningepanda hiyo meli.

Nani alimwambia nani kuhusu meli? Habari ya namna hiyo haikuwa inatangazwa na chuo. Ilipita kutoka kwa mwanamke hadi mwanamke, kwenye meza za Newnham na Girton na kwenye barua za waliokwisha kuondoka. Nani alipe nini, aandike kwa nani, afikie wapi. Hiyo ndiyo kazi ya chama cha wanafunzi, hata kama hakina jina wala mweka hazina.

Kiswahili cha Kenya kimetufanyia ukarimu hapa, kwa kuwa neno ni moja. Chama cha wanafunzi ni chama, na kile cha mama yangu, cha wanawake kumi na watano wanaochanga kila mwezi na kupeana kwa zamu, ni chama pia. Cha mama nimekiona maisha yangu yote. Kinachokishikilia si upendo, ingawa upo, na ugomvi upo. Kinachokishikilia ni zamu. Mwezi wako ukifika, huombi. Huendi kwa mwenyekiti na sura ya huzuni. Pesa ni zako kwa sababu ulichanga na kwa sababu imeandikwa kwenye daftari. Hiyo ndiyo tofauti ambayo nimekuwa nikiizunguka tangu mwanzo, na mama aliijua bila kwenda Cambridge.

Joan Robinson aliingia Girton 1922, akamaliza 1925. Chuo kilikuwa kimeanza kuwapa wanawake jina la shahada bila haki zake, na hata hilo, lilipopitishwa 1921, lilifanya wanafunzi wa kiume wavamie Newnham na kuvunja malango yake ya shaba kwa mkokoteni. Malango hayo yalikuwa ukumbusho wa Anne Clough. Mwaka wa 1933 Robinson alitoa kitabu kilichovunja kitu kingine: ile dhana kwamba soko huwa na wauzaji wengi na wanunuzi wengi na kila mtu anapata stahili yake. Alionyesha soko lenye mnunuzi mmoja, akalieneza neno monopsoni. Mkulima wa miwa ambaye jirani yake kuna kiwanda kimoja tu haitaji kufafanuliwa. Robinson alitumia hoja hiyo hiyo kueleza namna mwajiri anavyoweza kumlipa mwanamke chini ya mwanamume kwa kazi ile ile: anayeshindwa kuhama analipwa kidogo. Alipata uprofesa kamili 1965, zaidi ya miaka 30 baada ya kitabu, mwaka ambao mumewe, profesa wa uchumi, alistaafu.

Cambridge ilikubali kuwapa wanawake shahada kamili 1948. Mwanamke wa kwanza kuipokea alikuwa Malkia Elizabeth, mke wa Mfalme George wa Sita. Ilikuwa ya heshima. Hakufanya mtihani sebuleni wala kwingine. Mary Paley alikuwa amefariki miaka minne kabla, akiwa na miaka 93. Baada ya kifo cha Alfred alifanya kazi bila malipo kwa karibu miaka 20 katika maktaba iliyoitwa kwa jina la mumewe, akiwaazima vijana vitabu. Alifika huko kila asubuhi kwa baiskeli hadi alipokuwa na miaka 87 na daktari akamkataza. Naipenda sana baiskeli hiyo. Ilipita mitaa ile ile ambapo ile sanamu ilitundikwa.

Wamarekani walichukua njia nyingine. Desemba 1971, kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha wachumi wa Marekani mjini New Orleans, wanawake waliohudhuria walikutana pembeni na kuandika azimio. Lilianza kwa kutamka kwamba uchumi si fani ya wanaume pekee. Inaonekana ni jambo la kitoto kulitamka, lakini lilipigiwa kura na likapita, na likazaa kamati. Mwenyekiti wa kwanza, Carolyn Shaw Bell, mwalimu wa chuo cha wanawake cha Wellesley, alifanya mambo mawili ya kiuchumi mno. La kwanza, kuhesabu: ni wanawake wangapi wanaosomea uzamifu, wangapi wanafundisha, wangapi wamepandishwa cheo, kila mwaka, idara kwa idara. La pili, orodha. Idara zilikuwa zinasema tungeajiri mwanamke lakini hatuwaoni. Sawa, hawa hapa, kwa majina na utaalamu wao. Kisingizio kikafa. Kuhesabu kunaendelea hadi leo.

Hesabu hizo zinaonyesha kwamba mambo yamesonga na hayajafika. Katika vyuo vya Marekani, wavulana wanaochukua uchumi kama somo kuu bado ni wengi kuliko wasichana. Claudia Goldin wa Harvard alitafuta kwa nini, akaona jambo ambalo kila aliyekuwa kwenye chama chetu cha Alhamisi analijua mwilini: msichana akipata B kwenye kozi ya kwanza ya uchumi, huhama. Mvulana akipata B hiyo hiyo, hubaki. Hakuna aliyemfukuza. Ameangalia mbele ya darasa, ameangalia kitabu, ameangalia maksi, akahitimisha kwamba hapa si pake.

Sasa ngoja nikupe habari ninayoipenda kuliko zote. Mwaka wa 2016, kwenye chuo kikuu cha Southern Methodist huko Dallas, wachumi wawili wanawake, Catherine Porter na Danila Serra, walifanya jaribio. Madarasa kadhaa ya kozi ya utangulizi yalitembelewa na wanawake wawili waliowahi kusomea uchumi hapo hapo, kila mmoja akazungumza kwa kama dakika 15 kuhusu kazi yake. Madarasa mengine hayakutembelewa. Wanafunzi wa kike ndio waliosaidia kuchagua ni nani aalikwe, maana wao ndio waliojua nani angewagusa wenzao. Kabla ya hapo, wasichana 9 katika kila 100 wa kozi ile waliishia kuchukua uchumi. Kwenye madarasa yaliyotembelewa waliongezeka 8 zaidi katika kila 100. Karibu mara mbili, kwa nusu saa na nauli ya wageni wawili. Wavulana hawakubadilika, wala hawakuumia.

Si kila kitu kinafaulu hivyo. Goldin mwenyewe alianzisha 2015 jaribio kubwa, vyuo 20 vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, vikapewa pesa kidogo kuanzisha vyama, kutafuta washauri, kubadilisha mifano ya darasani. Mafanikio yalionekana zaidi kwenye vyuo vidogo kuliko vikubwa. Ningetarajia hivyo. Kwenye darasa la watu 400 chama chaweza kuwa bango tu.

Na sisi? Makerere, kilipokuwa chuo cha Afrika Mashariki nzima na Wakenya wakienda huko, kauli mbiu yake ilikuwa tuwe wanaume. Ilibidi waibadilishe wanawake walipoanza kuingia 1945. Lakini uchumi umetujia pia kwa njia ambayo Marshall hangeiota. Mwaka wa 2003, magharibi mwa Kenya, Esther Duflo na Pascaline Dupas pamoja na Michael Kremer walianza utafiti katika shule za msingi 328. Waliuliza, pamoja na mambo mengine, ni nini kitatokea kwa msichana ukimpa sare ya shule bure. Sketi na blauzi, basi. Wasichana walioacha shule walipungua, na mimba za utotoni zikapungua. Kabla ya hapo watu walikuwa na nadharia nyingi kuhusu kwa nini msichana wa huko anaacha shule, tabia, mila, wazazi, na nyingi zilikuwa za kumlaumu. Ilihitajika mtu aulize kuhusu bei ya sketi.

Duflo alipata Nobel ya uchumi 2019, pamoja na Kremer na Abhijit Banerjee. Kabla yake ni Elinor Ostrom tu, 2009. Baada yake Goldin, 2023. Hadi sasa ni hao watatu.

Kile chama chetu kilikuwa na sanduku la kadibodi lililokuwa la mafuta ya kupikia. Ndani mlikuwa na karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, nakala za vitabu ambavyo maktaba ilikuwa nacho kimoja kimoja, na daftari lenye namba za simu za dada waliofuzu na wanachofanya: huyu yuko benki, huyu yuko kaunti, huyu anafundisha, mpigie baada ya saa kumi. Karo yangu ilipokwama walichanga, ikafika nusu, na nusu hiyo wakanirudishia mkononi nilipoondoka, nikapanga chumba cha kwanza. Sanduku lilikuwa likilala chini ya kitanda cha msichana wa mwaka wa nne, na kila Mei lilihamia kwa wa mwaka wa tatu. Mwezi uliopita mmoja wao alinitumia picha yake. Limefungwa kwa utepe wa gundi pembeni kote, na kwenye daftari, chini ya namba yangu, mtu ameandika: anaandika, muulize kuhusu historia.